Kula na Mkwe Hotelini, Temeke

Mke wangu anasema paa la hoteli ile lilikuwa la makuti. Mie naliona mpaka leo likiwa la madebe, yale madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kugongwagongwa mpaka yakawa bapa, mvua ikinyesha mtu hamsikii aliye pembeni yake. Huenda yeye ndiye anayekumbuka sawa, maana alikaa mle saa nyingi kuliko mie. Nilisoma madarasa machache tu ya misheni, na kitu kirefu nilichozoea kuandika ni barua ya nyumbani. Kwa hiyo anayesoma aniwie radhi. Nitaeleza niliyoyaona, na pale nisipokuwa na hakika nitasema sina.

Sisi asili yetu ni Unyasa, ng'ambo ya ziwa. Nilikuja Dar es Salaam wakati wa Waingereza, miaka ile baada ya vita vya pili, nikapata cherehani ya kushonea kwenye baraza ya duka la Mhindi huko Kariakoo, na chumba cha kupanga Temeke. Nilipoona kazi imetulia nikamleta mke wangu na binti yetu, ambaye ndio kwanza alikuwa anasimama dede.

Kumleta hakukuwa jambo la nauli tu. Kwetu mume ndiye huhamia kwa mke. Hujenga pale, hulima pale, na watoto huhesabiwa upande wa mama. Kumtoa mke kwao ukampeleka nchi nyingine ni kitu cha kuombewa, na hata ukipewa, umepewa kwa kamba ndefu tu. Wajomba wa mke wangu waliniambia wazi: nenda naye, lakini mama yake atakuja huko kuangalia. Akiridhika, binti atabaki. Asiporidhika, atarudi naye, yeye na mtoto. Sikuona kwamba wamenionea. Ningekuwa mjomba, nami ningesema hivyo hivyo.

Kabla mkwe hajaja, tulikuwa na desturi yetu wenyewe ya kula nje siku za Jumapili. Tukitoka kusali tulipitia hoteli ya bibi mmoja kando ya barabara ya Kilwa. Nasema hoteli kwa sababu ndivyo kila mtu alivyoiita. Ilikuwa chumba kimoja cha udongo chenye mabenchi mawili na meza ndefu katikati, na nyuma yake ua wenye jiko. Bibi mwenyewe alikuwa mtu wa pwani hapa hapa, mjane, mnene, sauti yake ya kukwaruza. Alipika wali wa nazi, mchuzi wa papa, na kisamvu ambacho sijapata kula kingine mfano wake. Sisi tulizoea samaki wa ziwa na ugali wetu wa mahindi tunaouita nsima. Mke wangu alipoonja nazi mara ya kwanza aliniuliza kwa Kinyanja kama mchele ule umepikwa na maziwa ya mnyama gani.

Jumapili ile ile ya kwanza tulifanya jambo ambalo lilituchekesha baadaye. Mezani palikuwa na kuli mmoja wa bandarini, mtu wa mikono mikubwa, anakula. Tulipoingia akainua uso akasema, "Karibuni." Kwetu, mtu akikuita kwenye chakula ukakataa, ni kama umemwambia kwamba unaogopa sumu yake. Basi tukanawa, tukakaa, mimi upande huu, mke wangu upande ule, tukala sahani ya yule bwana mpaka tukaona bati. Hakukunja uso hata kidogo. Alisogeza kipande cha samaki kuelekea kwa mke wangu, kisha akamwagiza Bibi sahani nyingine kama vile ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo. Ilinichukua wiki kadhaa kujua kwamba huku mtu akila humkaribisha kila apitaye, na apitaye hujibu "starehe" akaendelea na njia yake. Kuli hakutuacha tusahau. Kila akiniona mlangoni alifunika sahani kwa kiganja akasema, "Mnyasa, leo sikukaribishi, nina njaa." Lakini siku ile yenyewe, mle ndani, hakucheka mtu. Nimekaa mahali pengi tangu hapo, na sijui ni wapi pengine wageni wangekula chakula cha mtu wakaachiwa washibe.

Mkwe alifika wakati wa masika, ameletwa na mtu wa kwetu aliyekuwa anakuja kutafuta kazi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, anayetembea wima kama aliyejitwika mtungi. Hapa inabidi nieleze mila, la sivyo yanayofuata yatakuwa kama kichekesho.

Kwetu mwanamume na mama wa mkewe hawakutani uso kwa uso. Ukimwona anakuja njiani, unaingia porini. Humsemeshi, unamwambia mkeo, mkeo anamwambia. Na kikubwa kupita vyote, humwoni akila naye hakuoni ukila. Hakuna ugomvi ndani yake. Ndiyo heshima yenyewe, na kadiri unavyompenda ndivyo unavyokaa mbali. Alipofika Temeke nilikuwa nimekwisha kupanga mambo: yeye na mjukuu watalala kwa mama mwenye nyumba, chumba cha pili, mke wangu atapika jikoni uani, mkwe atakula kule na wanawake, mie nitaletewa changu ndani. Nilijiona mwerevu.

Siku chache baadaye mvua ililala juu ya mtaa usiku na mchana, na jiko la uani likaanguka. Ukuta wa udongo uliloa ukaketi chini, paa likaufuata. Mwenye nyumba alikataza kupika kwa seredani ya makaa vyumbani, kwa kuwa paa la nyumba lilikuwa la makuti na nyumba ya jirani iliwahi kuteketea kwa sababu hiyo hiyo. Hakuwa na kosa. Alisema atajenga jiko jipya mvua ikipungua. Mpaka hapo, sote tulikuwa watu wa kula hotelini.

Mkwe alipoelezwa, alimwambia binti yake neno ambalo mke wangu hakutaka kunifikishia, nikambembeleza mpaka akalisema: "Mwanamume anayemlisha mwanangu kwenye chungu cha mtu mwingine, huyo bado hajaoa." Tangu siku ile nilijua ninasimama wapi. Lori la kumrudisha bara lilikuwa halijapatikana, na likipatikana, mkwe angesema nani anapanda.

Siku ya kwanza tulitoka kama watu wanaokwenda sehemu mbili. Mie nilitangulia. Mke wangu na mtoto walifuata, na mkwe nyuma kabisa, ng'ambo ya barabara. Niliketi hotelini, nikapewa wali. Nilikuwa bado sijatia tonge kinywani mkwe alipotokea mlangoni, akaniona, akageuka papo hapo, akajifunika kanga mpaka usoni, akachutama nje kwenye matone ya paa huku ametupa mgongo. Bibi akatoka kumshika mkono. "Ingia dada, utaloa." Mkwe hajui Kiswahili, na hata angejua asingeingia. Basi nikaiacha sahani, nikatokea mlango wa uani, nikazunguka nyuma ya nyumba ya jirani kama mwizi wa kuku. Hapo tu ndipo mkwe alipoingia. Watu wote wa mezani waliona: mama anaingia, mkwewe anatoka na chakula kakiacha.

Kesho yake Bibi mwenyewe alipata njia, na ilikuwa njia nzuri kuliko yoyote niliyoifikiria. Alimpitisha mkwe moja kwa moja uani, akamketisha jikoni kwake. Mie nikala mbele, mkwe akala nyuma, ukuta katikati. Kuanzia hapo mkwe alikuwa anakwenda asubuhi na mapema na binti yake na mjukuu, wanakaa mle kutwa. Hawakuwa na lugha moja, yeye na Bibi, lakini mke wangu anasema walielewana kuliko watu wanaosemezana. Bibi alimkalisha juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mkwe akakuna mpaka akajikwaruza, wakacheka. Mkwe akachambua kisamvu akakitwanga kwa namna ya kwetu, Bibi akaonja akatikisa kichwa, akakitwanga upya, kisha siku iliyofuata akampa mchi akamwachia atwange apendavyo. Kilipikwa vile, kikauzwa vile, na kuli akauliza mboga ya leo imetoka wapi.

Ingekuwa vizuri yaishie hapo. Lakini Bibi sasa alikuwa amempenda mkwe wangu, na mtu ukimpenda huwezi kumwona anakosana na watu ukanyamaza. Kila jioni aliniona naingia nikichungulia kwanza. Aliona mkwe akisikia sauti yangu anavuta kanga. Akamuuliza mke wangu kuna nini. Mke wangu, Kiswahili chake bado kichanga wakati ule, akajibu kwamba mama anamheshimu mkwewe. Bibi aliona anafichwa.

Akaniuliza na mie. Nilieleza nilivyoweza. Alinisikiliza mpaka mwisho, upawa mkononi, akaniambia kwamba hata huku mtu halambi vidole mbele ya mkwewe, na kwamba yeye mwenyewe alimwamkia mama wa marehemu mumewe kwa magoti mpaka siku alipomzika. Lakini heshima ya kukimbiana hajaisikia. Nikasema ndivyo ilivyo kwetu. Akasema, "Haya, mwanangu," kwa sauti ya mtu ambaye hajaamini. Sikumlaumu. Aliyoyaona yalikuwa na sura ya ugomvi kamili, na mie si msemaji.

Jumapili moja, hoteli ilipokuwa imetulia, Bibi aliniita nipite uani, kuna kazi ya mkono anataka nimsaidie. Nikapita. Chini ya upenu palikuwa pametandikwa mkeka mpya, juu yake sinia moja kubwa la wali, na juu ya wali kuku mzima aliyekatwa vipande, mchuzi unameremeta. Upande mmoja wa mkeka ameketi mkwe wangu, akidhani atakula na mwenyeji wake kama siku zote. Kuli alikuwa amesimama kando, amevaa kanzu safi. Nilikuja kujua baadaye kwamba aliitwa awe shahidi, maana suluhu haiwi bila shahidi. Nyuma yangu Bibi akaujaza mlango kwa mwili wake.

"Mwanangu," akasema, "mie sina elimu ya kwenu. Lakini mtu na mkwewe wakikimbiana, mtaa mzima unaona. Kuku huyu ni wangu wa kufuga, nimemchinjisha kwa ajili yenu wawili. Kaeni mle sinia moja, lililopita lipite."

Mkwe alikuwa amekwisha kugeukia ukutani, kichwa chote ndani ya kanga. Nikikataa, nimemtukana mwanamke aliyetulisha wiki hizi zote kwa wema, mbele ya shahidi, na kuku wake tayari yuko kwenye sinia. Nikikaa nikala, nimevunja mbele ya macho ya mkwe kitu kile kile alichosafiri kuja kukikagua. Nilikwisha kumwona mke wangu juu ya lori, mtoto mgongoni. Nilisimama tu.

Mke wangu alikuja mbio kutoka jikoni, mtoto kiunoni, akaona, akamwinamia mama yake akamweleza kwa Kinyanja kila alichosema Bibi. Mkwe hakugeuka. Akauliza jambo moja.

"Kuku ni wake mwenyewe?"

"Wake mwenyewe, mama."

Kisha akavua kanga ya kichwani, ile aliyojifunika, akabaki na ya kiunoni. Uso bado ameuelekeza ukutani, akampa binti yake pembe moja ya kanga, na pembe ya pili akainyoosha nyuma yake, hewani, kuelekea alikosimama Bibi.

Bibi akauliza, "Nishike?"

"Shika, Bibi," mke wangu akasema. "Vuta."

Wakavuta. Kanga ikateremka katikati ya sinia, pindo lake likawa nusura liguse wali, nusu ya sinia huku, nusu kule. Ndipo nikamsikia mkwe anajisogeza upande wake. Nami nikakaa upande wangu. Sikumwona, hakuniona. Tulinawa kila mtu kwa zamu yake, Bibi akasema bismillahi, tukala.

Kuli alijizuia kadiri alivyoweza. "Naam," akasema mwishowe, "mpaka wa Unyasa na Tanganyika huo. Sasa forodha iko wapi, mie nipitishe mkono wangu?" Bibi akamkemea, lakini kanga ikatikisika kwa sababu mwenyewe alikuwa anacheka, na nadhani, ingawa siwezi kuapa, hata upande wa pili nilisikia pumzi ya mtu anayecheka puani.

Tulipofika karibu na mwisho, vidole viwili vyembamba vilipita chini ya pindo la kanga, vikisukuma kipande kuelekea kwangu, vikarudi. Nilitazama. Ilikuwa firigisi.

Huku pwani pia wanajua firigisi haiwi ya mtu yeyote tu. Kwetu ni ya mwanamume mwenye nyumba. Mkwe wa kiume aliyehamia kwa watu hapewi; anaiona ikipita kwenda kwa wajomba wa mkewe, mwaka hata mwaka, naye anakula shingo. Sikuwahi kuila tangu nioe. Nilikaa nayo mbele yangu mpaka Bibi akaniuliza kama ina ubaya. Nikasema haina. Nikaila polepole.

Baadaye, mkwe alipokwisha kurudi jikoni na kanga yake, Bibi alibaki anajisugua bega. Alikuwa ameelewa, hakuhitaji kuelezwa tena. Aliniambia mkono umekufa ganzi, lakini hajutii. "Sie huku twasema twawaheshimu wakwe," akasema. "Kumbe twawaamkia tu." Nikamwambia hapana, kila watu na yao, na kwamba kwetu hakuna ambaye angemchinjia kuku mpangaji wa nyumba ya mwingine ili ndoa yake isivunjike. Hilo nililisema kwa haki, si kwa kumfurahisha.

Usiku wa siku ile mkwe alizungumza na binti yake. Nilikuwa ng'ambo ya ukuta na nilisikia sauti tu, maneno niliyapata kutoka kwa mke wangu. Alisema mke wangu atabaki. Mtoto atakayefuata, hata hivyo, atazaliwa nyumbani, mbele ya wajomba, na hilo halina mjadala. Mke wangu alimuuliza kama ni kwa sababu mume ameonekana ana adabu. Mama yake akajibu, "Nilidhani amekuleta mahali ambapo ukiumia hakuna wa kukuinamia. Nimemwona wa kukuinamia. Baki."

Kuhusu firigisi hakusema lolote, na mie sikuweza kumuuliza. Miaka mingi nilijisifu moyoni kwamba siku ile nilitawazwa. Mke wangu kwanza aliniunga mkono. Halafu siku moja, bila kukusudia kuniumiza, akasema mama yake alikuwa hana meno ya nyuma, na firigisi asingeiweza hata angetaka. Nimezigeuza habari hizi mbili mara nyingi. Huenda zote ni kweli. Huenda sikuruhusiwa mie hata kidogo, ila aliaminiwa Bibi, na mie nikapita nyuma ya imani ile kama mtu anayepita mlangoni pamoja na wageni wa harusi. Kama ni hivyo, bado nashukuru.

Lori lilipopatikana, Bibi alifunga hoteli yake asubuhi nzima akaenda kumsindikiza. Mie nilisimama mbali, nyuma ya duka, kama inavyotakiwa. Niliwaona wameshikana mikono, kila mmoja anasema kwa lugha yake kwa kirefu, na hakuna aliyekuwa anatafsiri. Mke wangu alisimama kati yao na mtoto. Kisha mkwe akapanda peke yake.